Unasaji halali wa mawasiliano: kinachomhusu mwenye mtandao mdogo na kisichomhusu

Unasaji halali ni kuyakamata mawasiliano ya mtu anayetajwa, yakiwa yanapita, kwa muda uliowekwa, kwa sababu mwenye mamlaka kisheria ameamuru hivyo. Mtoa huduma anayatenga, anayapeleka kwa chombo kilichotajwa kwenye amri, na mhusika haambiwi. Maana yake ni hiyo tu. Lakini hapa Tabora neno hili limekuwa kapu la kila kitu. Mwanafunzi wa hosteli kule Ipuli akikatiwa kwa kifurushi kuisha, anasema wananasa. Kijana anayeuza vocha za wifi Isevya anamwambia mteja, "Sheria inanitaka nione mnachofanya." Fundi naye anamtisha mwenye kampuni ndogo ya intaneti anunue mashine ya unasaji ya mamilioni, la sivyo leseni itafutwa.

Kauli ya yule kijana wa vocha ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu mteja anaiamini na anaacha kudai haki yake. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu pamoja na mawasiliano yake ya binafsi, na ibara ya 18 inampa haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano hayo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 120, imefanya kuwa jinai kunasa mawasiliano bila mamlaka ya kisheria. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 39, inasema mtoa huduma hana wajibu wa jumla wa kufuatilia data anayoipitisha, wala wa kupekua akitafuta dalili za uhalifu. Watu wanaoitaja sheria hii ya 2015 mara nyingi wanaishia kifungu cha 16, kile cha taarifa za uongo, hawafiki 39. Kijana anayechungulia mawasiliano ya wateja wake kwa kisingizio cha sheria ndiye anayeivunja.

Kuna tofauti nyingine, inayokosewa hata na watu wa fani, nayo ni kati ya kunasa na kutoa kumbukumbu. Kumbukumbu inahusu yaliyokwisha kutokea: anwani fulani ya intaneti, saa fulani, ilikuwa mikononi mwa mteja gani. Haina maneno aliyoandika wala sauti yake. Kunasa kunahusu yanayokuja, na kunagusa mawasiliano yenyewe. Sheria ya 2015 imeviweka katika vifungu tofauti, 34 kwa taarifa za mwenendo wa mawasiliano na 35 kwa maudhui. Ukitaka kuona uzito wa kunasa, soma kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002: ofisa wa polisi anahitaji kwanza kibali cha maandishi cha Mwanasheria Mkuu, ndipo aende mahakamani kuomba amri. Mwenye mtandao wa antena kumi na tano hapa mjini anaweza kumaliza miaka yake yote ya biashara asiione amri ya namna hiyo. Barua ya kuomba kumbukumbu ndiyo atakayoiona, na hiyo ndiyo inayomkuta hajajiandaa.

Chukua barua ya kawaida. Inasema anwani fulani ya intaneti ilitumika kumtapeli mtu, tarehe fulani, saa 3 usiku, mtaje mteja. Mwenye mtandao anatazama: anwani hiyo ni yake, lakini nyuma yake wako wateja wote wa eneo la Cheyo, maana mtandao mdogo una anwani chache za nje na wateja wanagawana. Ruta, kifaa kinachogawa intaneti, ndiyo inayowatofautisha, kwa kumpa kila muunganiko namba ya pori (kwa Kiingereza "port"), yaani namba ya mlango unaopitia. Barua isiyo na namba ya pori haijibiki kwa uhakika, na tangu 2011 wataalamu wa viwango vya intaneti wanashauri seva zote, yaani kompyuta zinazohudumia tovuti, ziwe zinaiandika namba hiyo pamoja na saa. Mwenye mtandao mwaminifu atajibu kwamba taarifa hazitoshi na kuomba pori. Mwoga atatuma orodha ya wateja wote waliokuwa hewani, na hapo watu hamsini wasio na kosa wameingia kwenye jalada la upelelezi.

Halafu kuna saa. Ile saa 3 usiku ni 21:00 kwa saa za Afrika Mashariki. Kampuni ya nje iliyotoa taarifa ya kwanza iliandika 18:00, kwa saa ya dunia (UTC). Anayenakili bila kusema ni saa ya wapi anasogeza tukio kwa saa tatu, na asiyezoea hesabu yetu ya saa anaweza kusoma "3 usiku" akaandika 03:00. Na ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa: umeme ukikatika na kurudi, zinaweza kuandika matukio kwa tarehe isiyo sahihi, wakati mwingine ya 1970, mpaka zichukue saa sahihi mtandaoni. Ruta za MikroTik, zilizojaa kwenye paa za mji huu, zikiachwa zilivyotoka dukani huweka mistari 1,000 tu ya kumbukumbu, tena kwenye kumbukizi inayofutika zikizimwa. Kwa hiyo mwenye mtandao anayedhani ana kumbukumbu za mwezi mzima anaweza kuwa na za dakika chache.

Gharama ya kweli iko hapa, na haifanani na bei ya ile mashine ya fundi. Tuseme una wateja 150, kila mmoja anafungua miunganiko 20,000 kwa siku, na kila muunganiko unachukua baiti 150 kwenye kumbukumbu. Ni megabaiti 450 kwa siku, yaani gigabaiti 164 kwa mwaka, kabla ya kubana mafaili. Diski hiyo inanunulika. Kinachouma ni mtu wa kuitunza, kuilinda na kuitafuta siku barua ikija, na wakili wa kuisoma barua yenyewe. Lakini ipo njia nyepesi, nayo inatumika sana: mgawie kila mteja fungu lake la pori, kwa mfano 1,000. Pori ziko 65,536. Ukitoa 1,024 za mwanzo, anwani moja inabeba wateja 64. Badala ya kuandika kila muunganiko unaandika fungu lipi ni la nani na tangu lini, na kumbukumbu ya mwaka inaenea kwenye kurasa chache. Faida nyingine, ambayo naiona kubwa kuliko diski, ni kwamba kwako haibaki orodha ya tovuti walizotembelea wateja. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika, kila taarifa ya mteja unayoikusanya una wajibu nayo.

Hofu ya mashine ya mamilioni nadhani imetoka mbali. Marekani ilitunga sheria yake ya unasaji, CALEA, mwaka 1994 kwa ajili ya kampuni za simu, na bunge likaidhinisha dola milioni 500 za kulipia mitambo iliyokwisha kufungwa kabla ya 1995. Mwaka 2005 tume ya mawasiliano ikaisogeza mpaka kwa watoa huduma za intaneti, wakapewa mpaka tarehe 14 Mei 2007 wawe tayari, na mwaka uliotangulia wakaambiwa wazi kwamba gharama ya mitambo ni yao. Wadogo walilalamika sana. Wengi wakapata nafuu kwa sababu waliruhusiwa kutumia kampuni ya tatu, inayokuja na vifaa siku amri inapotolewa, na MikroTik wakatengeneza kifurushi cha programu chenye jina la sheria hiyo. Hayo ni masharti ya Marekani, na kwa mwenye mtandao wa Tabora hayawi sheria ati kwa kuwa jina lake limeonekana kwenye menyu ya ruta.

Na kifaa hicho kina hatari kikiwepo bila usimamizi. Ugiriki, kuanzia Agosti 2004 hadi Machi 2005, simu za watu zaidi ya 100, akiwemo waziri mkuu, zilisikilizwa kupitia mitambo ya Vodafone. Mitambo ilikuwa na sehemu ya programu ya unasaji halali, lakini kampuni haikuwa imenunua sehemu ya kuisimamia na kuonyesha nani anasikilizwa. Wavamizi wakaiwasha kimyakimya. Kampuni ilitozwa faini ya euro milioni 76. Huo ndio udukuzi: kifaa ni kilekile cha unasaji halali, amri haipo.

Kwa hiyo, mwenye mtandao, fundi akikuuliza kama uko tayari kwa unasaji, mwulize kwanza kama saa ya ruta iko sawa na kama mafungu ya pori yameandikwa mahali. Ukipigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa mpelelezi, mwambie kwa heshima alete maandishi yenye kifungu cha sheria, anwani, pori, na saa ikitajwa ni ya wapi. Kisha jibu kilichoulizwa, usiongeze. Nawe mteja, barua ya namna hiyo ikijibiwa, sema wametoa kumbukumbu. Kunaswa ni jambo jingine, na lina masharti yake.