Talaka Japani haianzii mahakamani

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti Japani mke na mume hawawezi kuachana mpaka jaji aamue. Si kweli. Wakikubaliana, hujaza fomu moja, wakatia saini wao na mashahidi wawili watu wazima, wakaipeleka ofisi ya mji. Sababu hawaulizwi. Wenye watoto wadogo huandika humo suala la malezi. Talaka nyingi huko huisha hivyo. Wasipoelewana ndipo huenda mahakama ya familia, tena kwa usuluhishi kwanza, kesi baadaye. Nadhani tunachanganywa na hao wanaovutana, maana ndio wanaosikika. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Maelekezo ya fomu yapo wazi kwenye tovuti za miji ya Japani, mengine kwa Kiingereza.