Zamu, saa na foleni: jinsi gemu za zamani za Kijapani zinavyopanga mapambano

Watu wanapolinganisha gemu za Kijapani za kuigiza uhusika, mazungumzo huanza na hadithi, yakahamia kwenye muziki, na mfumo wa mapambano ukaguswa mwishoni kwa sentensi moja: huu ni wa zamu, ule ni wa kasi. Kwa kuwa kazi yangu ni kubuni kanuni za gemu, jicho langu huenda kwanza kwenye pambano, na ndani ya pambano hutafuta jambo moja kabla ya mengine yote. Kati ya wakati mchezaji anapotoa amri na wakati amri hiyo inapotekelezwa, ni nini kinaweza kubadilika, na mchezaji anaruhusiwa kujua kiasi gani kuhusu mabadiliko hayo? Nikilipata jibu la swali hilo, sehemu kubwa ya tabia ya gemu huwa imeshajulikana, hata kama sijaona joka wala upanga.

Dragon Quest ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Enix mwezi Mei 1986 kwa ajili ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Mbunifu wake, Yuji Horii, alikuwa amevutiwa na gemu za kompyuta za Kimarekani, hasa Wizardry na Ultima, na alikusudia kuzifanya ziwezekane kwa mtu mwenye pedi ya vitufe vichache ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Ndiyo maana pambano lake ni jepesi mno: shujaa mmoja mbele ya adui mmoja, na menyu ya kupigana, kutumia uchawi, kutumia kifaa au kukimbia. Hapo hapana mengi ya kuchambua. Mfumo ulianza kuwa na uzito kikosi kilipoongezeka hadi watu watatu katika gemu ya pili, mwaka 1987, na ulikomaa katika Dragon Quest III ya mwaka 1988, yenye kikosi cha watu wanne wa fani mbalimbali.

Katika gemu hiyo ya tatu mchezaji hutoa amri za wahusika wote wanne kwa mkupuo, kisha hukaa pembeni akitazama. Gemu ndiyo inayoamua nani atangulie, kwa kufuata wepesi wa kila mhusika na wa kila adui, pamoja na chembe ya bahati nasibu. Tuseme shujaa amebakiwa na uhai kidogo, na kasisi wa kikosi anaweza kumponya. Ukimwagiza kasisi afanye hivyo, hujui kama atatangulia yeye au atatangulia adui. Adui akitangulia, tiba itamkuta shujaa ameshakufa, nayo itakuwa imepotea bure. Kasisi akitangulia na adui akaamua kumpiga mchawi badala ya shujaa, basi zamu iliyohitajika kwingine imetumika pasipo dharura. Kwa sababu hiyo wachezaji wazoefu wa mfululizo huu hutibu mapema kuliko wengine, na mara nyingi huagiza tiba kwa ajili ya jeraha ambalo bado halijatokea. Anayeziona amri hizo kuwa rahisi kwa sababu menyu ina maneno machache hajapambana na bosi wa mwisho, yaani adui mkuu, akiwa amebakiwa na kasisi mmoja.

Final Fantasy ya kwanza, iliyotolewa na Square mwezi Desemba 1987 chini ya uongozi wa Hironobu Sakaguchi, ilifuata utaratibu huo huo wa kuagiza kwa mkupuo, ingawa iliwageuza wahusika wakaonekana kwa ubavu badala ya kuwaficha nyuma ya skrini. Ilikuwa na ukali mmoja wa ziada. Ukiwaagiza askari wawili wampige adui mmoja, na wa kwanza akamuua, wa pili atapiga hewa tupu na zamu yake imekwenda. Matoleo ya baadaye yaliondoa kanuni hiyo, na wengi huikumbuka kama kasoro. Mimi sikubaliani nao kabisa. Kanuni ile ilimlazimisha mchezaji akadirie uhai wa adui na agawanye mapigo yake. Ilipoondolewa, mapambano mengi madogo yaligeuka kuwa kazi ya kubonyeza kitufe kimoja mpaka maadui waishe.

Mageuzi makubwa yalikuja na Final Fantasy IV, mwezi Julai 1991, kwenye Super Famicom, mashine iliyoirithi Famicom. Hiroyuki Ito, aliyebuni mfumo wake wa mapambano, amewahi kueleza kwamba wazo alilipata akitazama mashindano ya magari ya Formula One, ambamo kila gari lina mwendo wake na hakuna linalolisubiri jingine. Badala ya raundi, kila mhusika na kila adui alipewa saa yake. Saa ya mhusika ikijaa, menyu yake inafunguka; ukikawia kuchagua, maadui hawakungoji. Katika gemu hiyo saa zenyewe hazikuonekana, na ilibidi mchezaji azihisi kwa mazoea. Mstari unaojaa ulianza kuonyeshwa katika Final Fantasy V ya mwaka 1992.

Mfano bora wa alichokitaka Ito hauko mwishoni mwa gemu bali karibu na mwanzo wake. Wahusika wawili, Cecil na Kain, wanapita katika pango na kukutana na joka la ukungu. Joka hilo hupigana kwa muda likiwa na mwili, kisha hujigeuza ukungu, na ukilipiga likiwa katika hali hiyo linakujibu kwa pigo la baridi linalowapata wote wawili. Hakuna hesabu ya nguvu itakayokusaidia hapo. Dawa yake ni kuacha menyu wazi, mikono kando, mpaka mwili urudi. Kain, ambaye sifa yake ni kuruka juu na kushuka na mkuki baada ya muda, anaongeza ugumu, kwa kuwa amri iliyotolewa joka likiwa na mwili yaweza kutua joka limekwisha kuwa ukungu. Kwa pambano moja fupi gemu imemweleza mchezaji kwamba kutofanya kitu ni tendo, na kwamba amri ina urefu wake wa muda. Sijaona mafunzo ya maandishi yaliyolieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Hata hivyo nadhani mfumo huu umesifiwa kupita kiasi. Tatizo lake ni kwamba saa inayomkimbiza mchezaji inapima mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja: uamuzi wake, na kasi yake ya kusoma menyu. Mtu anayetafuta uchawi mmoja katika orodha ndefu anaadhibiwa ingawa ameshaamua la kufanya. Wabunifu wenyewe walilijua hilo, na ndiyo maana gemu kama Final Fantasy VI na Chrono Trigger zilimpa mchezaji hiari ya kusimamisha muda awapo ndani ya menyu za uchawi na vifaa. Kadiri michoro ilivyorefuka, ndivyo saa ilivyozidi kupoteza maana. Katika Final Fantasy IX ya mwaka 2000, mistari huendelea kujaa wakati skrini inaonyesha shambulio refu la kiumbe aliyeitwa kwa uchawi aje kusaidia, amri zinalundikana, na mchezaji hawezi kusema kwa uhakika amri yake itatekelezwa baada ya matendo mangapi. Matokeo yake ni ya ajabu: uchawi wa Regen, unaorudisha uhai kidogo kidogo kadiri muda unavyopita, unakuwa na nguvu kubwa kwa sababu tu onyesho ni refu. Mchezaji anapona kwa kutazama filamu.

Gemu iliyoutumia mfumo wa saa kwa akili kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Chrono Trigger ya mwaka 1995, iliyowakutanisha Sakaguchi, Horii na mchoraji Akira Toriyama. Humo wahusika wawili au watatu wanaweza kuunganisha mbinu zao katika shambulio moja, lakini sharti saa za wote wanaohusika ziwe zimejaa. Shujaa Crono akiwa tayari, mchezaji ana mambo mawili ya kuchagua: apige sasa peke yake, au amngoje mwenzake Frog ili wapige pamoja pigo kubwa zaidi, huku maadui wakiendelea kuwashambulia wote. Hapo kusubiri kuna bei na kuna faida, na vyote viwili vinaonekana kwenye skrini. Nalaumu jambo moja tu. Maadui hutembea uwanjani na mbinu nyingi hupiga kwa mstari au kwa duara, lakini mchezaji hana amri ya kuwasogeza wahusika wake, kwa hiyo nafasi nzuri ya kupiga hutegemea zaidi bahati na subira.

Kwa kupita tu, niitaje Mother 2 ya mwaka 1994, iliyojulikana Marekani kwa jina la EarthBound, kwa kuwa ilitafuta jibu lake pembeni kabisa. Amri zake ni za mkupuo kama za Dragon Quest, lakini namba ya uhai hushuka kwa kuzunguka polepole. Mhusika aliyepigwa pigo la kuua bado yu hai mpaka namba ifike sifuri, na ukimponya au ukimaliza pambano kabla ya hapo, amenusurika. Saa haikuwekwa kwenye zamu. Iliwekwa kwenye kifo.

Mwaka 2001, Final Fantasy X ya PlayStation 2 iliiondoa saa ya Ito. Toshiro Tsuchida, aliyesimamia mapambano yake, alirudi kwenye zamu, lakini zamu za namna nyingine: upande wa kulia wa skrini kuna foleni inayoonyesha nani atafuata, awe wetu au adui. Kila tendo lina uzito wake, mengine yakimrudisha mtendaji nyuma zaidi kwenye foleni na mengine yakimrudisha kidogo tu, na mchezaji anapoiangalia amri kabla ya kuithibitisha, foleni inajipanga upya mbele ya macho yake. Hapa swali langu la mwanzo linapata jibu safi: kati ya amri na utekelezaji hakuna kinachobadilika, na yajayo yamewekwa wazi kwa hatua kadhaa. Mcheza bao anayehesabu kete mpaka shimo la mwisho kabla ya kuinua mkono ataielewa gemu hii mara moja.

Uwazi huo ungeweza kuleta uvivu, lakini Tsuchida aliujaza mambo ya kuamua. Kuna mbinu zinazomsukuma adui nyuma kwenye foleni, na kuna uchawi wa kumharakisha mwenzako au kumpunguzia adui mwendo. Zaidi ya yote, wahusika ni saba, uwanjani wako watatu, na yeyote mwenye zamu anaweza kubadilishwa na aliye nje, naye aliyeingia akatenda papo hapo. Kwa kuwa Wakka huwafikia wanaoruka, Auron huvunja magamba magumu, Tidus huwapata wepesi, na Lulu hushughulika na wale ambao upanga hauwadhuru, kila kundi la maadui linakuwa fumbo dogo la nani aitwe na kwa mpangilio upi. Udhaifu wake uko kwenye malipo: anayepata maendeleo ni yule tu aliyetenda katika pambano husika, hivyo mchezaji makini hujikuta akimwingiza kila mmoja afanye tendo moja lisilohitajika ili asibaki nyuma. Kanuni ya ukuaji imeiingilia kanuni ya pambano na kuiharibia mwendo.

Shin Megami Tensei III: Nocturne, ambayo kampuni ya Atlus iliitoa mwezi Februari 2003, ilifika mbali zaidi kwa njia iliyo kinyume. Humo pande mbili hupokezana, na kila upande una alama za zamu kulingana na idadi ya walio hai. Tendo la kawaida linakula alama moja nzima. Ukimpiga adui kwa kitu anachokiogopa, au ukipata pigo la kishindo, unatumia nusu ya alama tu, hivyo kikosi cha wanne kinaweza kutenda mara 8. Ukikosa, au adui akiwa na kinga dhidi ya shambulio lako, unapoteza mbili. Akilirudisha kwako au akalinyonya, alama zote zilizobaki zimekwenda. Kanuni hizo hizo zinamhusu adui, kwa maana kwamba mhusika wako mwenye udhaifu anawapa maadui zamu za ziada hata kama yeye mwenyewe hajafa.

Bosi aitwaye Matador, aliyeongezwa katika toleo la Maniax la mwaka 2004, anaonyesha makali ya mfumo huu. Mapema katika pambano anatumia mbinu inayopandisha wepesi wake hadi kikomo, na kuanzia hapo mapigo yako mengi yanamkosa. Katika Final Fantasy X kukosa kungekugharimu tendo moja. Hapa kila kukosa kunakula alama mbili, kwa hiyo makosa mawili yanamaliza zamu ya kikosi kizima, na Matador anarudi kushambulia. Anayejaribu kumshinda kwa kupanda leveli peke yake anateseka bila sababu. Unachotakiwa kufanya ni kuja na majini, yaani viumbe wanaopigana upande wako, wenye uchawi wa Sukunda, unaopunguza wepesi wa adui, na kukubali kutumia zamu za mwanzo bila kumwumiza.

Mfumo huu ndio ninaoupenda kuliko yote niliyoitaja, na ndiyo maana kanuni yake moja inaniudhi. Katika Nocturne shujaa mkuu akifa, gemu imekwisha, hata kama wenzake watatu wako hai na mmoja wao anaweza kumfufua. Pigo moja la uchawi wa kifo likimpata, hesabu yote ya alama iliyofanywa mpaka hapo inakuwa haina kazi, na mchezaji hana kosa lolote la kujilaumu isipokuwa kwamba hakumvisha kinga mapema. Atlus waliiondoa kanuni hiyo katika Shin Megami Tensei IV ya mwaka 2013, kisha wakairudisha katika ile ya tano, mwaka 2021. Ningekuwa mimi, ningeiacha huko ilikoondolewa, na ningetumia nafasi hiyo kuwapa maadui njia zaidi za kuninyang'anya alama.