Kuhariri jeni: mkasi hukata, seli ndiyo huunga

Kama mkasi wa kukata DNA upo, mbona magonjwa ya kurithi bado yapo?

Kwa sababu mkasi hauandiki. CRISPR-Cas9, ndiyo mkasi wenyewe, iliyowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020, hukata tu. Kuunga ni kazi ya seli, nayo huunga ipendavyo.

Huungaje?

Mara nyingi hugandisha ncha mbili haraka, na herufi chache za DNA (A, T, G au C) hupotea au huongezeka penye kovu. Njia nyingine ni makini zaidi: seli hutafuta nakala nyingine isiyokatika na kuifuatisha. Tukiipa kipande chenye maandishi sahihi, itakinakili. Lakini njia hii hufanya kazi hasa seli inapojiandaa kugawanyika, na seli za neva karibu zote zimeshaacha kugawanyika.

Tazama selimundu, ugonjwa wa kurithi wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Kosa ni herufi moja tu, A imekuwa T. Hata hivyo tiba ya CRISPR iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 haiigusi herufi hiyo. Inalitumia lile kovu kuharibu swichi ya BCL11A, jeni inayozima himoglobini ya tangu tumboni mwa mama, ndipo himoglobini hiyo inarudi kutengenezwa. Kwangu mimi huo ni werevu mkubwa: kovu limegeuzwa dawa.

Je, seli inaweza kusukumwa ifuate njia makini?

Ndiyo, kwa mfano kwa kuzuia DNA-PK, kimeng'enya kinachosimamia ule ugandishaji wa haraka. Hapa naomba tuwe waangalifu sana. Mwaka 2024 ilibainika kwamba AZD7648, dawa ya aina hiyo, huongeza upotevu wa maelfu ya herufi, hata kipande kizima cha kromosomu. Vipimo vya kawaida havikuona, kwani husoma eneo fupi kandokando ya mkato. Eneo lenyewe likipotea, hakuna cha kusomwa, zinabaki kuhesabiwa seli zilizofanikiwa. Asilimia inapanda, huku madhara yamejificha.

Hakuna njia isiyokata nyuzi zote mbili za DNA?

Ipo. Maabara ya David Liu, Marekani, ilitangaza uhariri wa herufi mojamoja mwaka 2016, na mwaka 2019 njia inayoandika herufi mpya palepale. Hata hapo seli ina neno lake: mfumo wake wa kusahihisha makosa huiona herufi mpya kama kosa na kuifuta. Ukizuiwa kwa muda, herufi nyingi zaidi hubaki.