Ureno ni rahisi, ila si kwa kila kitu

Ureno imesifiwa kwa miaka mingi kuwa nchi ya Ulaya ambayo mgeni anaishi kwa fedha kidogo. Kwa chakula na usafiri, sawa. Vyakula vingi vya msingi vinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 6 tu, na kadi ya Navegante ya yuro 40 kwa mwezi inatosha kwa metro, mabasi na treni za Lisbon na vitongoji vyake.

Kinachotoboa mfuko ni nyumba. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa yuro 870. Chumba na sebule katikati ya Lisbon humeza zote hizo, na hazitoshi. Tena bajeti nyingi husahau siku ya kwanza: mwenye nyumba anaruhusiwa kudai pango la hadi miezi 2 mbele, pamoja na dhamana ya hadi miezi 2. Pango la yuro 1,000 basi laweza kutaka 4,000 kabla hujapewa ufunguo.

Halafu baridi. Nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto. Januari hita ya umeme inawaka kutwa, kuta zinatoa jasho, ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati. Kabla ya kusaini mkataba, omba cheti cha nishati, yaani hati inayoipa nyumba alama kwa jinsi inavyotumia nishati: A+ ndiyo bora, F ndiyo mbaya kabisa.