Barleria ya miiba: chakula cha nyuki kwenye bustani kavu

Kichaka chenye miiba kikiota kando ya uzio, kinachofuata mara nyingi ni panga. Ningeomba kitazamwe kwanza. Kama maua yake ni ya manjano yenye mrija mrefu, na kwapani mwa majani kuna miiba myembamba iliyotanuka kama vidole vya ndege, huenda ni Barleria prionitis, mmea wa asili wa nyika za Afrika Mashariki, nao ni hazina kwa nyuki na vipepeo.

Nekta yake iko ndani ya mrija, na stameni mbili ndefu, yaani vijiti vya ua vinavyobeba chavua, zimechomoza mlangoni. Mdudu akijipenyeza, chavua inamganda mwilini, naye anaibeba hadi ua jingine.

Panda mmea huu mwanzo wa mvua, juani, mahali maji hayatuami. Wengi huuharibu kwa mapenzi: samadi tele, maji kila siku. Udongo wa kichanga au changarawe unautosha. Mwagilia mpaka ushike tu, kisha uache.

Njia rahisi ni vipandikizi. Kata tawi lililokomaa kiasi, lenye vifundo (mahali majani yanapochipukia) vitatu hivi, lichomeke kivulini mpaka litoe mizizi. Usiung'oe mmea mzima porini.

Mbegu zinataka kuwahiwa. Tunda hubeba mbegu mbili bapa, na likikauka hupasuka ghafla na kuzirusha, hivyo lifunge kwa kitambaa chepesi linapoanza kuwa kahawia. Idondoshee mbegu tone la maji uone: vinyweleo vilivyokuwa vimelala juu yake vinainuka na kuwa utelezi, na huo ndio unaoishikiza ardhini mvua ikinyesha.

Chini ya kichaka acha sehemu ya ardhi tupu, usiilime wala kuisakafia. Nyuki wengi wa porini hawaishi mzingani. Jike huchimba kishimo chake peke yake na kutaga humo. Dawa ya kuua wadudu isifike hapo kabisa.

Punguza matawi maua yakiisha, ukiwa na glavu, na usiupande njiani wanapopita watoto. Ukiwa na ndugu ng'ambo, usimtumie mbegu hata akiomba: kaskazini mwa Australia, ambako si kwao, mmea huuhuu umekuwa gugu sugu.