Fundi wa dingdong: cheti anacho, fidia hana

Ukizunguka Mufindi wakati wa kiangazi utaisikia dingdong kabla hujaiona. Kwa asiyeijua, ni mashine ya kupasulia magogo: injini ya dizeli, mkanda na msumeno wa duara, inayovutwa hadi lilipo shamba la miti. Mbao nyingi za paini mnazoezekea nyumba zimepita hapo. Wanaoiendesha, wengi wao walijifunzia hapohapo kwa kumtazama aliyetangulia.

Kazi yangu ni kufundisha na kupima ujuzi wa mafundi wa namna hii, na kuna jambo linalonikera katika miradi ya ushirikiano wa kimataifa inayopita kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ujuzi una fungu lake, ulinzi wa mfanyakazi una fungu lake, na kila fungu lina ofisi, magari na semina zake. Msumeno hauna habari na mgawanyo huo.

Upande wa ujuzi tumepata mengi, nisiwe mchoyo wa kusema. Mwaka 2014 Finland na Serikali yetu ya Tanzania walianza programu ya Panda Miti Kibiashara, na hapa Mafinga tukapata kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao. Shirika la Kazi Duniani, ILO, nalo liliisaidia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kujenga utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, akionekana kazi anaiweza anapewa cheti, anapopungukiwa anaongezewa mafunzo. Msingi wake umo katika Pendekezo Namba 195 la ILO la mwaka 2004, linalotaka ujuzi wa mtu utambuliwe popote alipoupatia.

Sasa twende shambani. Anayeangusha mti huanza na kata ya mbele, upande anaotaka mti ulalie, kisha kata ya nyuma iliyo juu kidogo, akiacha katikati ukanda usiokatwa unaofanya kazi ya bawaba. Bawaba hiyo ndiyo inayouongoza mti. Ukiimaliza, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Na mtu mwingine yeyote akae umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti: paini wa mita 25, mita 50. Haya, hilo ni somo la ujuzi au la usalama? Mimi nimeshindwa kulitenganisha.

Dingdong ni vivyo hivyo. Nyuma ya msumeno panatakiwa kisu, kipande cha chuma kinachoizuia mbao iliyopasuliwa isiubane msumeno. Kisu kisipokuwepo na mbao ikabana, inarushwa kumrudia fundi kwa kasi asiyoweza kuikwepa. Mashine nyingi utakuta kimeng'olewa, eti kinachelewesha. Wenye mashine nimeacha kuwahubiria ajali. Ninaanza na hesabu ya mbao. Msumeno usiokaa sambamba na mwongozo wake unakula gogo, ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule, mnunuzi anaukataa. Tukiunyoosha kwa ajili ya soko, sababu mojawapo ya kubana nayo imeondoka. Hapo bosi keshaona faida, na kisu nacho ananiruhusu nikirudishe.

Kasheshe huja fundi akiumia. "Huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu, namlipa kwa kila ubao anaopasua." Maneno hayo nimeyasikia hata kwa watu waungwana kabisa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema vingine. Ikiwa unamwelekeza mtu namna ya kufanya kazi au saa zake, au amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au zana unampa wewe, au riziki yake inakutegemea wewe, atachukuliwa kuwa mwajiriwa wako mpaka uthibitishe vinginevyo. Sharti moja tu kati ya hayo linatosha. Fundi wa dingdong wa kawaida anayatimiza karibu yote kabla ya chai ya saa nne.

Akiwa mwajiriwa, inakuja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unalipwa na mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Ajali iripotiwe mapema, isipite miezi 12. Mafundi niliokutana nao wakiwa na cheti mkononi, wengi hilo hawakuwahi kuambiwa na yeyote. Si kwamba kuna aliyeficha. Halikuwa kwenye fungu la ujuzi.

Huko juu mambo yameshaunganishwa. Mwaka 2022 ILO iliyaingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika kanuni zake za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, nasi ni wanachama tangu 1962. Huku chini, ripoti ya mradi bado inahesabu vyeti vilivyotolewa. Vidole vilivyobaki havina safu yake kwenye jedwali.

Kwa mradi ujao ningeomba mambo mawili. Upimaji wa fundi ufanyike kwenye mashine anayoitumia kila siku, mwenye mashine akiwepo, ili kisu, mkataba na usajili wa WCF na wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, vikaguliwe safari hiyohiyo. Na pale TFS, wakala wa Serikali wa misitu, inapouza vitalu vya shamba lake la miti la Sao Hill, ukaguzi huo uwe sharti la mnunuzi kuingiza mashine. Mashamba ya wanavijiji ni magumu zaidi, kwa sababu mti unauzwa ukiwa umesimama na dalali analeta dingdong yake. Huko ningeanza na vyama vya wakulima wa miti: karatasi ya mauziano wanayo tayari, iongezwe mstari wa nani anawajibika fundi akiumia shambani mwao.