Je, wajua? Vidole vyako havina misuli, basi vinakunjwa na nini?

Shika kigasha chako cha kushoto, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kwa mkono wa kulia, karibu na kiwiko, kisha chezesha vidole vya kushoto kana kwamba unapiga kinanda. Chini ya ngozi utahisi nyama zikituna na kulegea, moja huku, nyingine kule. Vidole viko mbali, lakini kazi inafanyika hapo uliposhika. Sasa bonyeza kidole chenyewe huku ukikikunja. Utakuta ngozi, mafuta kidogo, mfupa, na upande wa kiganja kitu kigumu kinachokaza. Nyama inayotuna hakuna.

Vidole vya binadamu havina msuli hata mmoja wa kuvikunja wala kuvinyoosha. Mbishi atasema kuna misuli midogo mno inayosimamisha vinyweleo mtu akihisi baridi, na mingine katika kuta za mishipa ya damu. Ni kweli, ila hiyo haijawahi kuinua mzigo wowote. Nguvu ya kushika hutoka kwenye kigasha, na hufika vidoleni kwa njia ya kano: nyuzi ngumu, nyeupe, zisizovutika kirahisi, zinazounganisha misuli na mifupa.

Jambo hili limejulikana kwa karne nyingi. Mwaka 1632, mjini Amsterdam, Rembrandt alichora picha ya daktari Nicolaes Tulp akifundisha mbele ya maiti. Kwa mkono mmoja Tulp ameinua kwa koleo misuli ya kigasha cha maiti, ile inayokunja vidole. Mkono wake wa pili uko hewani, vidole vimekunjika nusu. Watu wengi huishia kutazama nyuso za wale mabwana wenye kola nyeupe waliomzunguka, lakini somo lenyewe liko kwenye mikono miwili ya mwalimu: mmoja umeshika kinachovuta, mwingine unaonyesha kinachotokea kikivutwa.

Kwa nini misuli ikawekwa mbali hivyo na mahali pa kazi? Msuli hufanya kazi kwa kujifupisha, na unapojifupisha hunenepa. Ukitaka nguvu nyingi, sharti uwe mnene. Ukitaka mwendo mrefu, sharti uwe na urefu wa kutosha. Kidole chenye misuli ya kutosha kubeba uzito wa mwili kingekuwa kinene kiasi kwamba vitano visingeenea kwenye kiganja kimoja, na ngumi isingefumbika. Isitoshe, uzito uliowekwa mwisho wa mkono huufanya mkono wote uwe mzito kuurusha, kuugeuza na kuusimamisha. Ndiyo maana kigasha ni kinene karibu na kiwiko na chembamba kifundoni: juu kuna nyama, chini zimebaki kano.

Mfano mzuri ni breki ya baiskeli. Mkono unabana mpini wa breki kwenye usukani, lakini kinachobanwa ni gurudumu, na katikati kuna waya unaoteleza ndani ya mpira wake. Bila ule mpira wa kuushikilia, waya ungelegea tu na breki isingeshika. Kidole nacho kina kinga ya namna hiyo. Kano hupita ndani ya ala yenye ute wa kulainisha, na ala hiyo imefungwa kwenye mifupa kwa pete za tishu ngumu kuanzia chini ya kidole hadi karibu na ncha. Pete hizo zisingekuwepo, kila ukikunja kidole kano ingeachana na mfupa na kuisukuma ngozi ya kiganja, huku kidole chenyewe kikijikunja nusunusu. Wapanda majabali, ambao huning'inia kwa ncha za vidole, wakati mwingine hukatika pete hizo, na wengi husimulia kwamba waliusikia mlio. Kuna pia tatizo lisilohitaji jabali: pete ya kwanza ikinenepa, au kano ikivimba hapo, kidole hukwama kikiwa kimekunjwa kisha hufyatuka ghafla.

Misuli mikuu ya kukunja vidole imepangwa kwa matabaka. Tabaka lililo karibu na ngozi hutoa kano nne zinazoishia kwenye pingili ya katikati ya kila kidole, gumba likiwa nje ya hesabu kwa sababu lenyewe lina pingili mbili tu. Tabaka la ndani nalo hutoa kano nne, ila hizi zina safari ndefu zaidi: zinakwenda hadi pingili ya mwisho, ile yenye ukucha. Hapo pana kikwazo. Kano zote mbili zimo ndani ya ala moja nyembamba, na ile inayokwenda mbali ndiyo iliyolala chini. Itaipitaje mwenzake? Jibu ni kwamba kano ya juu hupasuka katikati, ikawa pande mbili, na ya chini ikapenya kwenye mwanya huo na kuendelea hadi nchani. Kwangu mimi, hapa ndipo mahali panaposhangaza kuliko pote katika mkono mzima, na kwa nje huwezi kupaona.

Si kila kitu kinatoka kigashani. Ndani ya kiganja kuna misuli midogo, mingine kati ya mifupa mirefu ya kiganja, ambayo hutanua vidole na kuvikutanisha. Minne kati ya misuli hiyo ya kiganjani ina tabia ya pekee: haikushikwa na mfupa upande wowote. Inaanzia kwenye kano za kukunja na kuishia kwenye utando wa kunyoosha ulio mgongoni mwa kidole, hivyo inaweza kukunja kidole pale kilipoungana na kiganja huku pingili zake zikibaki zimenyooka. Ndivyo unavyoshika karatasi bila kuikunjakunja. Gumba nalo lina kifurushi chake cha misuli, kile kilima laini kilicho chini yake.

Kwa kuwa kano za vidole hupita kifundoni kabla ya kufika vidoleni, msimamo wa kifundo huamua nguvu za vidole. Jaribu: kunja kifundo kuelekea ndani kadiri kinavyoweza, kisha fumba ngumi. Haifumbiki vizuri, na ukilazimisha, mgongo wa mkono unauma. Misuli ya kukunja imeshajifupisha kwa ajili ya kifundo na haina tena mwendo wa kuvipa vidole. Ile ya kunyoosha, upande wa pili, imevutwa hadi mwisho na haikubali kuachia zaidi. Geuza sasa, inua kifundo kidogo kuelekea mgongo wa mkono. Vidole vinajikunja vyenyewe hata kabla hujaviamuru, na ngumi inakuwa imara. Hii ndiyo sababu mtu akitaka kushika kitu kwa nguvu zote, kifundo chake huinuka bila yeye kufikiri.

Kuna watu wanaoishi kwa kutegemea jambo hili. Mtu aliyeumia uti wa mgongo shingoni anaweza kupoteza uwezo wa kukunja vidole, lakini akabaki na uwezo wa kuinua kifundo. Akiinua, kano zinakazwa, vidole vinajifunga kwenye kikombe, akishusha, vinaachia. Wataalamu wa tiba huwafundisha wagonjwa wa namna hiyo kutumia mbinu hiyo, na huwa waangalifu wasizinyooshe kano hizo kupita kiasi, maana zikilegea mshiko unapotea.

Kidole cha pete nacho kina kisa chake. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini, kisha jaribu kuinua vidole vingine kimoja kimoja. Gumba linainuka, cha shahada kinainuka, cha mwisho pia. Cha pete hakibanduki, au kinabanduka kidogo sana. Kano za kunyoosha vidole zimefungamana mgongoni mwa mkono kwa vipande vinavyotoka kano hadi kano. Kidole cha kati kikikunjwa, huivuta kano ya jirani yake na kuizuia. Kidole cha shahada na cha mwisho huponea kwa sababu kila kimoja kina msuli wa ziada wa kukinyoosha peke yake. Cha pete hakikupewa. Wapiga piano huhangaika nacho miaka mingi, na mazoezi husaidia, lakini hayakati vile vifungo.

Njia ya kuingilia kiganjani ni finyu. Mifupa minane midogo ya kifundo imejipanga kwa umbo la mfereji, na juu yake umetandazwa ukanda mgumu. Ndani ya nafasi hiyo hupita kano tisa, nane za vidole na moja ya gumba, pamoja na neva moja inayoleta hisia za gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kano zikivimba, kinachoumia ni neva, kwa sababu ndiyo laini. Mgonjwa huamka usiku vidole vimekufa ganzi, akatikisa mkono hadi hisia zirudi. Kidole cha mwisho huwa salama, maana neva yake hupita nje ya mfereji huo. Madaktari hukiulizia makusudi.

Maumivu ya kiwiko pia yana asili hiyohiyo. Aliyeshinda akikamua nguo au kuzungusha bisibisi huweza kuumwa upande wa nje wa kiwiko, kwa kuwa misuli inayoshikilia kifundo wakati wa kubana imejishikiza hapo. Wanauita ugonjwa wa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kugusa raketi.

Mtu akikatwa kidole kwa kisu hadi kano ikakatika, msuli ulio kigashani huendelea kuvuta, na ncha ya kano inaweza kukimbilia kiganjani au juu zaidi. Kidonda kiko kidoleni, lakini mpasuaji huenda akalazimika kufungua pengine ili aipate. Sehemu ile yenye kano mbili katika ala moja ilikuwa tishio kwa wapasuaji kwa muda mrefu, kwani kovu dogo tu hugandisha kano kwenye ala yake na kidole kikakakamaa.

Ikishindikana kabisa kuziunganisha ncha hizo, huhitajika kano ya kuazima. Gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo. Huenda ukaona kano moja ikichomoza katikati ya kifundo. Baadhi ya watu hawana kabisa, wengine wanayo mkono mmoja tu, na nguvu zao za kushika hazipungui kiasi cha wao kujua. Hiyo ndiyo wapasuaji huichukua kwanza. Ambaye hana, huchukuliwa ya mguuni.